Kinigi: kijiji cha vitu vya kwetu



Kutoka Rumangabo tunaona Mikeno kila asubuhi. Nyuma ya safu hiyo ya milima, upande wa Rwanda, kuna Kinigi. Jina hilo wengi wetu tunalijua kwa viazi. Sisi tulilifuata kwa sababu nyingine. Wakati wa likizo kubwa, wamama kumi na wawili wa kikundi chetu pamoja na sisi walimu wawili tulikwenda kuona kijiji cha utamaduni kilichojengwa huko kwa ajili ya wageni.

Ndege wa angani angefika haraka. Sisi tulizunguka: Rugari, Kibumba, mpaka Goma. Tukavuka mpaka kwa miguu kwenye bariyeri ndogo, tukapanda basi kule Gisenyi. Hadi Musanze ni kama kilomita 60 za lami, milima kushoto na kulia, na mashamba yamepanda hadi juu. Kutoka Musanze ni mwendo mfupi tu. Njiani wamama hawakuzungumzia uzuri wa milima. Walizungumzia maharage, viazi na pareto, nani amepalilia vizuri na nani amechelewa.

Zamani kijiji hicho kiliitwa Iby'Iwacu. Siku hizi kinaitwa Gorilla Guardians, maana yake walinzi wa gorila. Jina la zamani ndilo lililotugusa. Sisi wa Bwisha hatukuhitaji mkalimani: ni "vitu vya kwetu".

Aliyekianzisha ni Edwin Sabuhoro, ambaye alikuwa mfanyakazi wa parke ya Volcanoes. Alitambua kwamba wengi wa waliokuwa wakitega wanyama msituni hawakusukumwa na ubaya wa moyo, walisukumwa na njaa ya watoto. Kuwafunga gerezani hakukujaza sufuria. Basi wakatafutiwa kazi nyingine: kupokea wageni, kupiga ngoma, kucheza, kuonyesha maisha ya zamani. Kati ya wanaocheza pale, wamo waliokuwa wawindaji wa siri.

Mgeni hupokelewa kwa ngoma. Kuna nyumba ya mfalme iliyojengwa kwa mfano wa zile za zamani, ya nyasi toka chini hadi juu, na mgeni anaweza kuvikwa na kukalishwa kama mfalme wa siku moja. Mganga anaonyesha majani na mizizi. Wachezaji wa Intore wana nyuzi ndefu nyeupe kichwani kama manyoya ya simba, wanaruka na kukanyaga hadi unasikia udongo unatetemeka. Vyungu vinafinyangwa, mshale unarushwa, mtama unasagwa.

Hapo kwenye mtama ndipo safari yetu ilipogeuka.

Kijana wa kike alikuwa amepiga magoti mbele ya urusyo, lile jiwe kubwa la kusagia, akisukuma ingasire, jiwe dogo la juu. Wageni kutoka Ulaya walipokezana: kila mmoja alisukuma mara tatu, akapigwa picha, akaamka akicheka. Mama mzee kuliko wote katika kikundi chetu alitazama kwa muda. Halafu akaomba nafasi. Akalaza jiwe upya ili unga ushuke mbele bila kumwagika, akakunja kikwembe chake magotini, akaanza kusukuma kwa mabega na mgongo, si kwa mikono peke yake. Unga ulitoka laini, mwembamba. Yule kijana akachuchumaa kando yake, akaanza kumuuliza maswali. Wageni wakapiga makofi.

Alipoamka, mama yetu hakucheka. Alisema kwamba alipokuwa msichana alikuwa akisaga kabla jua halijatoka, na mgongo wake bado unakumbuka. Wamama wakaitikia. Tuliona pale kwamba kijiji cha kuonyesha kinaonyesha jiwe, hakionyeshi uchovu. Kinaonyesha harusi, hakionyeshi mwanamke anayebebwa kwenye kipoyi usiku akiwa na uchungu wa kuzaa, akitafuta hospitali. Si uongo, ila ni nusu ya habari.

Lakini njia nzima ya kurudi swali lilikuwa lingine. Mama huyu tunaishi naye. Watoto wetu wanapita mlangoni pake kila siku wakienda masomo. Kwa nini ilibidi avuke mpaka ndipo mtu amuulize anachokijua?

Tunazo sababu, na ni nzito. Vita vimetukimbiza mara nyingi. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, godoro na sufuria, habebi jiwe la kusagia. Nyumba zimechomwa, vibuyu na ungo vimebaki nyuma. Kuna watoto waliozaliwa kambini pembeni ya Goma ambao wanajua hema na foleni ya maji, hawajui shamba la tate wao liko wapi. Darasani tunapouliza jina la chombo cha kuchujia au cha kupepetea, mikono inayoinuka ni michache.

Wamama kadhaa waliuliza kama hata sisi tungeweza kujenga kijiji cha namna hiyo Rumangabo. Si ndoto ya bure. Hapa ndipo makao ya parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na hapa kuna kituo cha Senkwekwe ambapo gorila mayatima wanalelewa. Wajane wa walinzi wa parke wanashona hapa hapa kwetu. Amani ikirudi, wageni watarudi.

Ila tuwe na macho. Upande wa Rwanda, serikali inatoa asilimia 10 ya mapato ya parke kwa wananchi wanaoishi kando yake. Ilikuwa asilimia 5 kabla ya mwaka 2017. Jirani anaona faida ya msitu. Uganda, kwenye parke ya Mgahinga, Batwa wanawaongoza wageni na kuwaonyesha maisha yao ya zamani, lakini katika msitu ule ule waliotolewa wakati parke ilipoanzishwa mwaka 1991. Wanaonyesha nyumba ambayo hawaruhusiwi kulala ndani.

Na mbali zaidi, kaskazini mwa Thailand, kuna wanawake wa kabila la Kayan wanaovaa pete za shaba shingoni. Walikimbia vita Burma, kama sisi tunavyokimbia. Wakawekwa katika vijiji ambako watalii wanalipa kuingia na kuwapiga picha. Mwaka 2008 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lililalamika kwamba baadhi yao, waliokwisha kupata nafasi ya kuhamia Finland na New Zealand, walinyimwa ruhusa ya kuondoka. Kijiji cha kuonyesha kinaweza kuwa mkate, kinaweza pia kuwa zizi. Tofauti iko hapa: nani anashika mlango, nani anahesabu pesa jioni, na kama anayecheza ana ruhusa ya kusema leo sichezi.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria watalii, tuanze na watoto wetu. Hiyo haitaki dola wala karatasi ya mpaka. Haya ndiyo tuliyokubaliana ndani ya basi:

Kila mama amtume mtoto wake kwa mzee mmoja wa karibu, amuulize chombo kimoja cha zamani: jina lake, kilitengenezwa na nini, kilitumiwa saa ngapi na nani. Asisahau kuuliza kilichokuwa kigumu. Mtoto aandike katika kaye yake, mzee asahihishe. Sisi walimu tutatenga saa moja siku ya Ijumaa kusikiliza.

Kwenye mkutano wa likelemba, baada ya kuhesabu pesa, mama mmoja mzee apewe dakika kumi za kutuonyesha kazi moja ya mikono: kusuka kikapu, kupepeta, kuhifadhi mbegu. Waliokimbilia kwetu kutoka vijiji vingine waanze wao, kwa sababu wao ndio waliopoteza vingi.

Jiwe la kusagia tumelipata. Liko nyuma ya nyumba moja pale Rumangabo, kuku wanalinywea maji. Mwenyewe amekubali lioshwe.