Kopo Lililogongwa Kitako

Niliwapunja watu wa Kabambare, hapa Kongo. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nataka kuonewa huruma kwa ajili ya bei kupanda. Bei zilimpandia kila mtu, na si kila mtu alichukua nyundo.

Duka langu ni dogo: sukari, chumvi, mchele, sabuni, mafuta. Bidhaa zinatoka mbali, upande wa Uvira na Bukavu, na kipande cha mwisho zinabebwa na pikipiki kwenye tope. Mwenye depo anataka dola. Mteja ananipa faranga. Katikati nimekaa mimi na daftari langu. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa faranga elfu mbili na kidogo. Kufika katikati ya mwaka ilikaribia 2,500. Mwezi wa Agosti Benki Kuu ya Kongo ilipandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25, habari niliyoisikia redioni nikaipuuza kama matokeo ya mpira wa nchi ya mbali.

Chukua mfuko wa sukari wa dola 60. Dola ikiwa 2,000, umenigharimu faranga 120,000. Nikiumaliza kwa 138,000, daftari linasema faida ni 18,000, nami nalipa karo, nanunua samaki, nampa shemeji. Siku ya kwenda kununua mwingine dola imefika 2,500, na mfuko uleule unataka 150,000. Hata kama nisingegusa faranga moja, ningepungukiwa 12,000. Nilikuwa nakula mtaji nikiuita faida. Na mimi ni mtoto wa mfanyabiashara! Baba aliona pesa za zaire za Mobutu zikiyeyuka. Mwaka 1993 aliona zaire mpya moja ikibadilishwa kwa milioni 3 za zamani. Alituambia tuhesabu mali, tusihesabu noti. Niliona ni hadithi za wazee.

Rafu zilipoanza kuonyesha mbao, nikaogopa kupandisha bei. Jirani hajapandisha, nitapandishaje? Usiku mmoja nikalipindua kopo la kupimia mchele nikaligonga kitako taratibu, mpaka kikainuka kwa ndani. Likiwa mezani huoni kitu. Kila pimo linabakiza konzi ndogo ya mchele, na mfuko mzima unakupa makopo kadhaa ya bure. Bei ikakaa palepale, na sokoni wakanisifu kwamba sina tamaa. Sifa hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Mama mmoja, mteja wa miaka mingi, alilitazama akasema, “Papa, kopo lako limekonda.” Nikacheka: “Hapana mama, ni mchele wa safari hii, punje zake nene.” Hakubishana. Alilipa, na tangu hapo hununua kwa jirani.

Dini yetu ya Uislamu iliingia huku karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, njia ya Ujiji, Kabambare, Kasongo. Kwa hiyo hakuna mwenye duka Mwislamu wa huku anayeweza kusema hajui hukumu ya kipimo. Sura ya Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo, naijua kwa moyo tangu utoto. Niliisoma nyumbani, nikaenda kufungua duka.

Siku hizi kopo lile silitumii tena. Kila asubuhi nauliza kwa kambista, mbadilisha fedha, dola iko ngapi, na bei naipanga kwa mfuko nitakaonunua kesho, si ule niliokwisha kuununua. Ikipanda, napandisha mchana, na anayenuna namweleza sababu. Asiyeweza kopo zima nampimia nusu kopo kwa nusu bei. Deni la mwalimu anayengoja mshahara naliandika kwa kitu, sukari kilo mbili, maana faranga za mwisho wa mwezi si zile za mwanzo. Akiba naiweka kwenye chumvi na sabuni. Dola nayo nisingeiabudu: mwishoni mwa 2025 faranga ilipopata nguvu ghafla, waliolalia dola walilia pia. Wateja wengine nimewapoteza, na sina la kuwalaumu.

Kama ulinunua mchele kwangu kati ya Agosti na Desemba 2023, pita dukani unidai. Nitakupimia kwa kopo jipya, na risiti sitakuuliza.