Kivuli cha Kulipia Kisiwani Paros

Meli ya Paros hung'oa nanga Piraeus asubuhi, na mwendo wake ni wa saa nne hivi. Binamu yangu, baharia aliyezeekea Ugiriki, alinionya nisisinzie. "Dada, ukilala utaamkia Naxos." Sikufumba jicho. Mlango wa nyuma wa meli ulipoteremshwa bandarini Parikia, watu, pikipiki na malori vilimwagika kwa mkupuo mmoja, nami nikabaki nimekumbatia begi langu, nashangaa weupe wa nyumba. Kisiwa kina wakazi wapatao 14,000 tu, lakini mwezi wa Agosti utadhani Athens nzima imehamia huku.

Jioni tulikwenda Naoussa, mji wa wavuvi. Hapo moyo wangu ulitulia kidogo, maana nilimwona pweza. Wamemwanika kambani mbele ya mkahawa, mikono inaning'inia, jua linamkausha kabla hajachomwa kwenye makaa. Ni mtamu, sitasema uongo. Ila hajui tui la nazi.

Kulipokucha tukaenda kuogelea. Nilijifunga kanga, nikabeba chupa ya maji, kama niendavyo Coco Beach siku za Jumapili, ambako kazi kubwa ni kuchagua muuza mihogo. Tulipofika nilitafuta mchanga nisiuone. Miavuli ya makuti ilipangwa safu kwa safu kama mafungu ya nyanya sokoni, na chini ya kila mmoja vitanda viwili vya kujinyoosha. Kijana mwenye kijitabu alitufuata kabla hatujavua viatu: safu ya mbele bei yake hii, ya nyuma inapungua kidogo. Nikamgeukia binamu.

"Wanauza bahari?"

"Wanauza kivuli. Bahari ni bure, kazi ni kuifikia."

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Kisheria ufuko wa Ugiriki ni mali ya umma. Serikali humkodishia mfanyabiashara kipande chake aweke miavuli, na kilichobaki ni cha watu wote. Shida ni kwamba mwavuli una miguu: leo uko hapa, wiki ijayo umesogea hatua kumi, na mwisho wa kiangazi mwenyeji hana pa kutandika taulo. Kwenye baadhi ya fukwe bei ya miavuli na vitanda ilipita euro 100 kwa siku. Mwaka 2023 watu wa Paros wakasema basi. Walishuka ufukweni kwa mamia, hapa Paros kwenye fukwe kama Santa Maria, wakiwa na mabango na mataulo, wakadai mchanga wao. Magazeti yaliwaita vuguvugu la taulo, na moto huo ukaruka hadi visiwa vingine.

Machi 2024 ikaja sheria mpya, na ndiyo iliyonifanya nitembee kisiwa kizima nikikadiria umbali kwa macho. Angalau nusu ya kila ufuko ibaki bila miavuli wala vitanda vya biashara. Katika maeneo ya hifadhi, asilimia 70. Kutoka majini ziachwe mita 4 zisizo na kitu. Kisha kuna fukwe 198 zilizoorodheshwa mwaka huohuo ambako kukodisha miavuli kumepigwa marufuku kabisa. Mwananchi akiona ukiukaji anashitaki kwa simu, kupitia programu iitwayo MyCoast inayomwonyesha ramani ya eneo lililokodishwa. Mimi naona nusu bado ni ukarimu mkubwa kwa mwavuli, lakini binamu anasema nimekuja juzi, nitulie.

Siku iliyofuata tulipata ufuko mdogo usio na kitanda hata kimoja. Kivuli kilikuwepo, cha mti uitwao armyriki, ambao kwa mbali utaapa ni mvinje wetu. Unamea mchangani na chumvi haiudhuru. Kando ya maji kulikuwa na lundo la majani ya bahari, ya kahawia, makavu. Kwenye fukwe za miavuli huyaoni, kwa sababu wageni huyaona uchafu na wenye biashara huyazoa. Kumbe lundo hilo ndilo linalopunguza nguvu ya mawimbi ya majira yao ya baridi yasiuchote mchanga. Nililala pembeni yake mchana kutwa, sikulipa hata senti.

Nikiwa pale niliwaza kwetu Tanzania. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na bado zipo sehemu ambako mtu wa Dar hukutana na ukuta kabla ya kukutana na maji. Mwavuli angalau unang'oleka.

Jioni ya mwisho tulipita ufuko mmoja ambao sitautaja. Vitanda vya mbele vilikuwa vinalambwa na mawimbi. Nilimpa binamu simu anipige picha bahari ikiwa nyuma yangu. Alipoiinua tu, kijana wa miavuli aliruka, akamwita mwenzake, wakaanza kuvuta vitanda nyuma mbiombio, kimoja baada ya kingine, huku wakitutazama kwa jicho la pembeni.

"Usiwaambie ni picha yako," binamu alininong'oneza. Tukatandika kanga pale walipopaacha wazi.