Neusiedl, Ziwa Linalomfika Mtu Kiunoni

Nchi ya Austria haina bahari. Pande zote imezungukwa na nchi nyingine, na mwenyeji wake akitaka kuonja maji ya chumvi ya pwani hana budi kuvuka mpaka. Hata hivyo, mwezi wa Agosti mwaka 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Ufaransa, kijana wa nchi hiyo aitwaye Valentin Bontus alitwaa nishani ya dhahabu ya wanaume katika mashindano ya kuteleza majini kwa kishada, mchezo ulioingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka huo. Wengi waliostaajabu walisahau jambo moja: nchi isiyo na bahari yaweza kuwa na maziwa, na watu wanaoyapenda maziwa yao.

Miongoni mwa maziwa hayo hakuna lililo na tabia ya ajabu kama Neusiedl. Msafiri atokaye mji mkuu wa Vienna na kuelekea kusini-mashariki hupita mashamba ya ngano na ya mizabibu, na kabla ya saa moja kwisha huliona limetandazwa mbele yake kama mkeka wa rangi ya kijivu. Urefu wake toka kaskazini hata kusini ni kilomita 36 hivi, na eneo lake, pamoja na matete yake, ni kama kilomita za mraba 320. Sehemu kubwa imo Austria. Ncha ya kusini ni ya Hungaria. Lakini ukubwa huo ni wa juu tu. Mahali penye kina kirefu kabisa hapazidi mita 1.8, na katika sehemu nyingi maji humfika mtu mzima kiunoni au kifuani. Msomaji aliyelelewa kando ya Tanganyika, ambako kina hupita mita 1,400, atasema kwamba hilo si ziwa bali ni dimbwi. Asifanye haraka kusema hivyo.

Zaidi ya nusu ya eneo hilo imefunikwa na matete marefu kumpita mtu. Mji wa Podersdorf, ulioko ufuko wa mashariki, ndio wenye bahati ya kuwa na ufuko usiozibwa na matete. Hapo pana gati, na mwisho wa gati pana mnara mdogo wa taa ambao wapita njia wote huupiga picha. Upepo mkuu hutoka kaskazini-magharibi, hupita juu ya maji bila kizuizi, na kuupiga ufuko huo.

Hapo ndipo marafiki hukutana kila Jumamosi yenye upepo. Kundi la kawaida huwa na watu sita au saba wa kazi mbalimbali: mwalimu, fundi wa umeme, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, polisi aliye mapumzikoni. Mmoja au wawili huwa ni Wahungaria kutoka mji wa Sopron, na lugha wanazozungumza pamoja ni mchanganyiko usiosahihishwa na mtu. Jamaa zao hubaki ufukoni na vikapu vya mikate, soseji na matunda, na watoto huchezea maji yasiyozidi magoti.

Kazi ya kwanza si kuingia majini bali kungoja. Marafiki huyatazama matete yanavyoinama, huyapima mawingu ya upande wa magharibi, kisha hubishana kuhusu ukubwa wa tanga la kutumia. Aliyechagua tanga kubwa huenda akajuta kabla ya adhuhuri, na aliyechagua dogo huenda akakaa kama nguzo katikati ya maji wenzake wakimpita.

Vyombo vyao ni vya namna tatu. Cha zamani ni ubao wenye tanga. Mmarekani Newman Darby alitengeneza ubao wa namna hiyo mwaka 1964 huko Pennsylvania. Kisha mwaka 1967, huko California, Jim Drake na Hoyle Schweitzer wakaufikisha kwenye umbo lililoenea duniani. Siri yake ni kiungo kilichoko chini ya mlingoti, kinachouwezesha kulala na kuinuka kila upande. Hauna usukani. Anayesimama juu yake akiulaza mlingoti mbele, ubao huupa upepo mgongo. Akiulaza nyuma, ubao huelekea joshi. Akitaka kwenda kule upepo utokako, hupiga bisho, mshazari huku na mshazari kule, sawasawa na nahodha wa jahazi. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki mwaka 1984.

Chombo cha pili ni kishada. Hiki si kile cha karatasi wanachorusha watoto, bali ni bawa kubwa la kitambaa lililofungwa kwa kamba za mita 20 na zaidi, likimvuta mtu aliyesimama juu ya ubao mdogo. Mbavu zake hujazwa hewa kwa bomba ili kikianguka majini kielee na kuweza kurushwa tena. Ufundi huo ulisajiliwa mwaka 1984 na ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux.

Chombo cha tatu ni kipya kuliko vyote, nacho ni bawa la chini ya maji. Chini ya ubao hufungwa nguzo nyembamba, na mwisho wa nguzo hiyo bawa lililofanana na la ndege. Ubao ukipata mwendo, maji hulinyanyua bawa hilo kama hewa inavyoinyanyua ndege angani. Ubao hutoka majini wote, makofi ya mawimbi hukoma ghafla, na mtu husafiri juu ya ziwa kimya kimya kama aliyeota.

Katika vyombo hivyo vitatu, kishada ndicho kinachofundisha urafiki upesi zaidi. Kukirusha peke yako ni hatari. Mwenzako hukishika, huzikagua kamba moja baada ya moja, kisha hungoja ishara ya kidole gumba kabla ya kukiachia. Wakati wa kurudi, mwenzako huyo hukidaka. Upepo wa Podersdorf huelekea nchi kavu, kwa hiyo aliyevunjikiwa na chombo husukumwa ufukoni na hapotei. Lakini upepo huohuo waweza kumbeba mwenye kishada na kumpigiza kwenye mawe. Ndiyo sababu vishada hurushwa katika sehemu zilizotengwa tu, na anayeingia majini humwambia mtu ameingia.

Wageni hudhani kwamba ziwa la kiunoni haliwezi kumdhuru mtu. Wenyeji hawadhani hivyo. Kwa kuwa maji ni haba, dhoruba huyachafua kwa muda mfupi sana, na mawimbi yake huwa mafupi, makali na ya kufuatana. Chini mna tope linaloshika mguu. Aliyepotelea ndani ya matete haoni mbele wala nyuma, na baridi ya majira ya machipuko humlegeza kabla hajaita msaada. Kuzunguka ziwa kumewekwa taa za tahadhari; zikianza kumetameta kwa haraka, kila mtu hutoka majini bila kuulizana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa mkuu ni taa.

Upepo wa Neusiedl una uwezo mwingine wa kushangaza. Ukivuma kwa nguvu siku nzima kutoka kaskazini, huyasukuma maji kuelekea kusini hata upande mmoja ukapungua kwa makumi ya sentimita na upande wa pili ukajaa. Wenye mashua huziona zimekaa juu ya tope, na kesho yake upepo ukitulia maji hurudi yenyewe. Hili ni jambo la siku moja au mbili. Lipo lingine ambalo si la siku mbili, nalo ndilo linalowatia marafiki wasiwasi.

Ziwa hili halina mto mkubwa unaoliingia. Hunywa mvua na hukaushwa na jua. Mara kadhaa katika historia limetoweka kabisa. Mara ya mwisho ilikuwa kati ya miaka ya 1865 na 1871: maji yalikwisha, watu wakatembea kwa miguu mahali walipokuwa wakivua samaki, na sehemu za sakafu ya ziwa zikagawiwa wenye mashamba, nao wakapanda ngano na mizabibu palipokuwa hapana chumvi nyingi. Kisha maji yakarudi na kuyameza mashamba. Baadaye ulichimbwa mfereji wa kutoa maji ya ziada, na tangu mwaka 1965 mlango wa mfereji huo huongozwa ili maji yasipotee ovyo. Lakini mlango huzuia maji yaliyopo. Hauwezi kuleta yasiyonyesha. Mwaka 2022, baada ya ukame, ziwa lilishuka hadi kiwango cha chini kuliko chochote kilichoonekana tangu 1965. Mvua za baadaye zimelipandisha kiasi, na mjadala wa kuleta maji ya mto Danube umekuwapo.

Aliyepata somo la kwanza ni mwenye bawa la majini. Nguzo ya bawa lake hufikia sentimita 90. Maji yakipungua hadi mita moja, bawa hugusa tope, ubao husimama ghafla, na mtu huruka mbele kama gunia lililotupwa. Wengine wamefupisha nguzo. Wengine hufunga vyombo juu ya gari na kusafiri saa kadhaa kwenda kwenye maziwa ya milimani, kama Attersee au Traunsee, lenye kina cha mita 191. Huko maji ni safi na baridi, na upepo hutegemea jua linavyopasha moto miteremko ya milima. Lakini jioni, wakirudi nyumbani, swali ni lile lile: Neusiedl limeamkaje?

Upo upungufu mwingine ambao wazee wa ufuko huo waliuona kwa macho yao, nao si wa maji. Baada ya Vita Kuu ya Pili mpaka wa Austria na Hungaria, uliopita katikati ya maji na matete, ulikuwa mpaka wa kambi mbili za dunia. Upande wa Hungaria ulikuwa eneo la ulinzi, na raia hakuruhusiwa kufika ufukoni apendavyo. Mwaka 1956, maasi ya Wahungaria yalipozimwa, watu wapatao 70,000 walikimbia kwa kuvuka daraja dogo la mbao karibu na kijiji cha Andau, mashariki ya ziwa, wakiwa wamebeba watoto mgongoni. Tarehe 21 Novemba daraja lililipuliwa. Lilijengwa upya mwaka 1996, miaka 40 baadaye.

Kisha ukaja mwaka 1989. Tarehe 19 Agosti, karibu na Sopron, kilomita chache tu kutoka ziwani, ilifanyika karamu ya wazi ya majirani wa pande mbili, na lango la mpaka lilikuwa lifunguliwe kwa muda mfupi. Raia wa Ujerumani ya Mashariki zaidi ya 600 walilisukuma na kupita. Ofisa wa walinzi wa mpaka, luteni kanali Árpád Bella, alikuwa na silaha na alikuwa na dakika chache za kuamua. Mbele yake aliona wanaume, wanawake na watoto. Hakuamuru risasi ipigwe, na hakuna aliyeumia. Askari yeyote anayesoma habari hii anaelewa uzito wa dakika hizo. Mwezi wa Novemba ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Kwa hiyo kijana wa Sopron anayekaza mkanda wake pale Podersdorf, akisaidiwa na polisi wa Austria aliye mapumzikoni, anafanya jambo ambalo wazazi wake hawakuweza kulifanya.

Kila mwaka, mwishoni mwa majira ya joto, korongo weupe wanaojenga viota juu ya mapaa ya mji wa Rust, ufuko wa magharibi, huanza safari. Hupita Bosfori, hufuata bonde la Nili, na wengi wao hufika Afrika Mashariki na kusini zaidi. Korongo aokotaye panzi katika mbuga zetu mwezi wa Desemba huenda mwezi wa Julai alikuwa akitafuta vyura kando ya matete ya Neusiedl. Naye hutegemea mambo yale yale: maji yasikauke, na njia isifungwe.

Jua likitua, marafiki hukunja matanga na kuvitoa vishada hewa. Kabla ya kuondoka hawaesabu vyombo kwanza, huhesabu watu. Wakitimia, huwasha magari. Watoto wamekwisha lala juu ya viti vya nyuma na mchanga miguuni. Mmoja hugeuka kulitazama ziwa mara ya mwisho, si kwa ajili ya uzuri wake, bali kuona maji yamefika wapi kwenye nguzo ya gati. Ndivyo afanyavyo mtu anayejua kwamba kitu alichokipata kiliwahi kukosekana.