Bastola Isiyopigwa

Ufundi wa silaha ndio kazi iliyonilisha Mombasa tangu ujana. Wateja wangu wengi ni raia wenye leseni ya kujilinda: wafanyabiashara, mawakili, wenye maduka ya kubadilisha fedha. Karibu wote huja wakiamini kwamba bastola isiyopigwa haina haja ya kusafishwa. Mimi nasema hiyo ndiyo inayoharibika haraka. Bastola ya mazoezi husafishwa kwa sababu mwenyewe anayaona masizi. Ile inayoshinda kiunoni hunywa jasho mchana kutwa, na jasho ni chumvi. Ongeza upepo wa bahari na unyevu wa masika, kutu itaanza pale jicho lisipofika.

Silaha iliyopita mikononi mwangu mara nyingi kuliko zote ni Ceska, yaani CZ 75, aliyoibuni František Koucký kule Chekoslovakia miaka ya 1970. Naipenda sana. Slaidi yake, ile sehemu ya juu inayokwenda na kurudi, hupita ndani ya reli za fremu badala ya kuzifunika kwa nje kama zilivyo bastola nyingi. Kuifungua si kazi. Toa magazini, vuta slaidi, chungulia chemba kisha uipapase kwa kidole. Ukishahakikisha ni tupu, linganisha vistari viwili vilivyo nyuma, kimoja cha slaidi na kimoja cha fremu, usukume komeo la slaidi kutoka upande wa kulia. Mtutu na springi vitatoka. Wengi huishia hapo. Hupaka mafuta, hurudisha, basi.

Maradhi yako ndani zaidi, kwenye tundu la pini inayogonga fataki. Mzee aliyenifundisha kazi hakuniruhusu kufunga slaidi kabla hajaibonyeza pini hiyo mwenyewe na kuiona ikiruka kurudi. “Mwanangu, humu mafuta hayakai,” alikuwa akisema. Mafuta hunasa vumbi na nyuzi za nguo yakawa tope, pini ikapoteza kasi, fataki ikaguswa tu bila kuwaka. Tena yakichuruzika hadi kwenye risasi yanaweza kuiua fataki yenyewe. Tundu hilo lisafishwe, likaushwe, lifungwe kavu. Chini ya ukucha unaotoa ganda napo hujaa uchafu, na hapo ninatumia kijiti cha mbao.

Mteja wangu mmoja alipaka mafuta ya nazi, na hapa Pwani yalibaki majimaji. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, naye akasafiri Nairobi mwezi wa Julai. Alinipigia simu asubuhi: slaidi imekuwa nzito, inarudi kwa kujikokota. Bastola aliyoitegemea kwa uhai wake ilikuwa imegandishwa na mafuta ya mapishi.

Usiilaze bastola ndani ya mfuko wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Ifute jasho kila jioni, tone moja la mafuta ya silaha lipakwe kwenye reli, si zaidi. Na masika yakiisha, mpelekee fundi mwenye kibali aifungue hadi pini, hata kama mwaka mzima hujapiga risasi hata moja.