Panya wa Shume na mtoto anayelala chini

Ukisimama Mkumbara, wilayani Korogwe, milima ya Usambara Magharibi imesimama mbele yako kama ukuta. Enzi za Wajerumani, mbao za mierezi kutoka Shume zilishushwa hapa kwa waya hadi kwenye reli.

Huko juu, wilayani Lushoto, tauni iliibuka mwaka 1980 na katika miaka iliyofuata ikaua mamia ya watu. Tangu hapo watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), wamekuwa wakipanda kutega panya.

Mitego ni visanduku vya bati jepesi, chambo ni siagi ya karanga na pumba za mahindi. Hutegwa jioni mashambani, msituni na majumbani, kisha hukaguliwa asubuhi. Panya hutakiwa hai, kwa sababu akifa na kupoa viroboto humhama. Huchanwa manyoya kwa brashi, na viroboto huhesabiwa mmoja mmoja.

Hapo ndipo penye somo kwa mzazi. Panya aliyekufa ndani bila kutegwa wala kuwekewa sumu ni ishara mbaya: viroboto wake wanatafuta damu nyingine, na mtoto anayelala chini yuko jirani.

Mtoto asimguse. Toa taarifa kwa mhudumu wa afya. Mlaze mtoto kitandani, na mahindi yasikae chumba cha kulala. Akipata homa ya ghafla na uvimbe wenye maumivu kinenani au kwapani, mwahishe kituo cha afya siku hiyohiyo. Tauni inatibika kwa antibiotiki, mradi usichelewe.