Mita Juu ya Meza

Leo tuache kidogo mambo ya hifadhidata na seva, tuzungumze juu ya mwanga.

Kuna watu duniani ambao mara moja kwa mwaka hupakia mashine zao za leza garini, husafiri saa nyingi, na kukutana ukumbini kwa siku chache ili kuchora ukutani kwa mwanga. Hakuna anayewalipa. Wanafanya kwa mapenzi tu, kama mtu anayefuga njiwa. Marekani, katika jimbo la North Carolina, mkutano wa namna hiyo ulijulikana kwa jina la SELEM. Ujerumani nako wapenzi wa leza wamekuwa na mikutano yao. Wanaoifanya kama biashara wana chama cha kimataifa kiitwacho ILDA, kilichoanzishwa mwaka 1986.

Mimi niko Kitale na sijafika hata kwenye mkutano mmoja. Lakini video zao nimezitazama mpaka usiku wa manane, na kuna jambo moja ndani yake ambalo limenikaa kichwani. Jambo lenyewe si zile picha za ukutani. Nitalifikia, ila kwanza nieleze jinsi leza inavyochora.

Nukta moja inayokimbia

Ndani ya boksi la leza la kuchorea kuna leza tatu: nyekundu, kijani na buluu. Miale yake huunganishwa kwa vioo maalumu ikawa mwale mmoja. Mwale huo hupiga kioo kidogo kinachotikiswa na kifaa kiitwacho galvanomita, halafu hupiga kioo cha pili. Kimoja huupeleka kushoto na kulia, kingine juu na chini. Basi, ni hayo tu. Ukutani kuna nukta moja inayokimbia mbio, na kwa kuwa jicho la binadamu ni zito kusahau, wewe unaona mstari, duara, hata farasi anayepiga mbio.

Picha hizo huhifadhiwa katika faili za ILDA, na kwa mwandishi wa programu faili hizo ni raha tupu. Faili huanza na herufi nne, I, L, D, A, ndani ya kichwa cha baiti 32. Baada ya hapo ni orodha ya nukta. Kila nukta ina X na Y, namba kati ya -32,768 na 32,767, ina rangi, na ina biti moja inayosema: hapa zima mwanga, tunahama tu. Niliandika programu ya kusoma faili hizo kwa Jumamosi mbili. Biti hiyo moja ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Bila hiyo kila herufi ingeburuta mkia hadi kwa jirani yake, kama mwandiko wa mtoto wa chekechea asiyeinua penseli.

ILDA wana pia picha ya majaribio. Ndani yake mna duara na mraba. Katika faili, duara limeandikwa kubwa kuliko mraba. Lakini vioo ni vitu vyenye uzito, haviwezi kufuata kila amri kikamilifu, kwa hiyo duara husinyaa linapochorwa. Ukirekebisha vioo vyako vizuri kwa nukta 30,000 kwa sekunde, duara linaingia ndani ya mraba na kugusa pande zake nne kidogo tu. Likivuka, au lisipofika, kuna kazi ya kufanya. Mtu wa Berlin na mtu wa Kitale wanaweza kubishana kuhusu picha hiyo na wakajua wanasema kitu kimoja.

Kinachofanyika pembeni

Sasa nifike kwenye lile jambo. Watu wa namna hii wanapokutana, mbali na onyesho lenyewe, kuna meza. Juu ya meza kuna bisibisi, waya, vioo vya kubadilishana, na mita ya kupimia nguvu ya leza. Mtu analeta boksi alilolijenga mwenyewe gereji kwake. Anasema lina wati mbili. Linawekwa mbele ya mita, na mita inasoma wati moja na nukta tatu. Watu wanacheka kidogo, mmoja anauliza kioo hicho umekinunua wapi, mwingine anainama na kuanza kurekebisha. Hakuna anayekasirika. Kwa sababu hiyo ndiyo waliyosafiria.

Sisi watu wa Trans Nzoia hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mkulima hampeleki ng'ombe wake shoo ya ASK hapa Kitale ili watu wamwone tu. Angeweza kuwaita nyumbani wakamwona. Anampeleka ili asimamishwe kando ya ng'ombe wa jirani, mbele ya mtu anayejua ng'ombe, na aambiwe. Nyumbani kila ng'ombe ni wa kwanza.

Mafundi wetu wa mwanga

Unaweza kuniuliza, hayo ya leza yanatuhusu nini sisi? Panda matatu Kitale, pita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, fika Webuye, kata kulia mpaka Bungoma, halafu subiri giza liingie siku ya Ijumaa. Utaiona miale ya kijani angani kabla hujasikia muziki.

Bungoma muziki wa kukodi ni kazi kamili. Kuna arusi, kuna harambee, kuna kampeni. Kuna sherehe za Desemba vijana wa Kibukusu wanapotoka jandoni, katika ule mwaka ambao ukiugawanya kwa mbili haubaki kitu. Na kuna disko matanga, ambayo serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na sababu inazotoa, za wasichana wa shule kuharibiwa usiku, si za kubuni. Popote panapofungwa spika hapakosi mataa, na miaka hii mataa ni leza. Moshi wa kuni za jikoni na vumbi la wachezaji vinafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na mashine ya moshi: bila chembe hewani, mwale hauonekani.

Namjua fundi mmoja wa mataa huko. Jina nitaliacha. Ni mtu mzima, ana jenereta, spika nane na maboksi matatu ya leza. Mkono wake ni mwepesi: anacheza na swichi kana kwamba anapiga ngoma. Siku moja mchana, akiwa anasafisha vyombo vyake, nilimuuliza lile boksi kubwa lina nguvu gani.

"Si imeandikwa, kijana? Soma hapo nyuma."

Nyuma paliandikwa chini ya miliwati 5. Tukatundika kipande cha nailoni nyeusi, ile ya kuoteshea miche, tukausimamisha mwale juu yake. Ikatoa moshi, ikatoboka.

"Fundi," nikamwambia, "miliwati tano haitoboi nailoni."

Alinyamaza kidogo. Kisha akafunika jicho lake la kulia kwa kiganja, akatazama ukuta uliopakwa chokaa.

"Hili la kushoto lina doa," akasema. "Hapa katikati. Kama tone la chai kwenye karatasi. Nilidhani ni uzee."

Mimi si daktari, na sikumwambia doa hilo limetoka wapi. Nilimsihi aende kwa daktari wa macho. Lakini tangu siku hiyo najiuliza swali moja: katika miaka yote ya kazi yake, ni nani angemwambia? Mafundi wenzake ni washindani. Kila mmoja hufunika maboksi yake kwa gunia, mwingine asijue ameyatoa wapi. Aliyemuuzia hajui. Na karatasi iliyobandikwa nyuma inasema uongo.

Namba zenyewe

Uongo huo hauko Bungoma peke yake. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima leza ndogo za mkononi 122. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani na kama asilimia 44 za nyekundu hazikutimiza masharti ya usalama. Tena mwaka 2010 taasisi hiyohiyo iliandika juu ya leza ya kijani ya bei rahisi iliyokuwa na mwanga hafifu machoni, kumbe inatoa karibu miliwati 20 za infraredi, mwanga ambao jicho halioni. Leza nyingi za kijani za bei rahisi huanza na infraredi ndani yake na kuigeuza kuwa kijani. Mtengenezaji akiruka kichujio kidogo ili apunguze gharama, infraredi inatoka nje pamoja na kijani.

Kwa nini ni hatari? Lenzi ya jicho hukusanya mwale na kuuweka kwenye nukta ndogo sana nyuma ya jicho, na nguvu yake kwa eneo huongezeka kama mara 100,000. Chini ya miliwati 1, kupepesa tu kunatosha kukuokoa. Kupita miliwati 5 unaingia eneo la kuogopa. Kupita miliwati 500 ni daraja la mwisho, ambapo hata mwale uliorudi kutoka ukutani unaweza kudhuru. Na retina haina neva za maumivu. Unaungua, na unaendelea kucheza muziki.

Julai 2008, karibu na Kirzhach huko Urusi, palikuwa na tamasha la muziki la usiku. Leza zilikusudiwa kupiga angani. Mvua ikanyesha, watu wakafunga mahema, na miale iliyokuwa iende mawinguni ikawarudia wachezaji. Watu kama 30 waliumia macho, na baadhi yao walipoteza sehemu ya uwezo wa kuona kabisa. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza Bungoma, mahali ambapo mvua ya jioni na turubai ni mambo ya kila wiki.

Kanuni ya Marekani kuhusu miale yenye nguvu ni nyepesi kukumbuka: isishuke chini ya mita 3 kutoka pale watazamaji wanaposimama. Haihitaji kompyuta. Inahitaji mti mrefu wa kuifungia leza, na mtu wa kukwambia.

Siku moja kwa mwaka

Kwa hiyo nina pendekezo. Afrika tumewahi kukutanisha mafundi wa kujijengea vitu: Maker Faire Africa ilianza Accra mwaka 2009, ikaja Nairobi mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Nasi huku magharibi tuwe na siku moja tu kwa mwaka, Kitale mwaka huu, Bungoma mwaka ujao, ya mafundi wa mataa na vijana wanaopenda leza. Kila mtu aje na boksi lake. Kila boksi lipimwe. Namba iandikwe kwa kalamu ya wino kwenye utepe na kubandikwa juu ya ile karatasi ya uongo. Jioni ikiingia, tuchore.

Nilipomweleza fundi wangu, alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba wenzake watamwibia ujanja wake. Hiyo niliijibu kwa urahisi. Katika kazi yetu ya programu tunasomeana msimbo kila siku, na bado mwenye mkono mzuri anabaki na mkono wake. Wakijua boksi lako lina miliwati ngapi hawajaiba vidole vyako.

Ya pili ilikuwa nzito.

"Ukiandika namba, kijana, chifu naye ataisoma. Leo ananikataza disko. Kesho atanichukulia na taa."

Anaweza kuwa na haki. Namba ni kisu cha makali mawili, na anayeshikwa usiku ni fundi, si muuzaji wa boksi. Lakini marufuku zimekuwa zikija bila namba yoyote, na zitaendelea kuja. Siku mtoto atakapoumizwa jicho katika uwanja wa mtu, marufuku itakayofuata haitabagua mwenye leza ya miliwati 3 na mwenye ya miliwati 800. Wote watakuwa watu wa leza. Fundi mwenye namba yake na mti wake wa mita 3 ana kitu cha kusema mbele ya chifu. Asiye nayo ana ile karatasi ya nyuma tu.

Hakunikubalia. Alisema atafikiri, na katika lugha ya wazee hiyo yaweza kuwa ndiyo au hapana.

Mita nimeagiza. Si ghali kama nilivyohofia, ni bei ya simu ya kawaida, na itakuja na basi kutoka Nairobi. Ikifika nitaibeba mpaka Bungoma siku ya kazi, mchana, kabla ya giza na kabla ya wateja. Kama una boksi lako na uko kati ya Kitale na Malaba, lipakie nawe uje. Meza itakuwapo. Hakuna atakayechekwa, labda kidogo.

Haya, tuonane wakati mwingine.