Miaka sita ya ‘sainasi’, kumbe ni kipandauso

Mwenye duka la dawa pale mtaani Mbagala hakuwa na haja ya kuuliza. Akimwona yule binti wa miaka tisa anakuja na noti mkononi, alikuwa anachukua panadol, anaziweka mezani na kurudisha chenji. Mtoto alishajua bei. Alishajua pia kwamba akifika nyumbani asifungue mlango kwa kishindo, na kwamba televisheni haiwashwi mpaka mama atoke chumbani.

Mama huyo ni fundi cherehani, ana miaka 34. Kwa miaka sita aliwaambia wateja, majirani na mumewe kwamba ana sainasi. Jina hilo hakulitunga mwenyewe. Alilipewa kwenye zahanati moja, baada ya kueleza kuwa maumivu yanamkaa juu ya jicho la kulia, pua inaziba na jicho linatoa machozi. Akaandikiwa antibaiotiki na dawa ya matone ya puani. Maumivu yaliisha siku ya pili, naye akaamini dawa imefanya kazi. Yaliporudi baada ya wiki tatu, hakuhangaika tena kupanga foleni. Alinunua dawa zilezile dukani.

Yapo mengi aliyojaribu. Alijifukiza majani ya mkaratusi. Alijifunga kanga kichwani, akaikaza mpaka ikaacha alama kwenye paji la uso. Aliacha kulala na feni, jambo ambalo katika joto la Dar es Salaam ni adhabu tosha. Alipimwa malaria mara nyingi, hakukutwa nayo, na zaidi ya mara moja akapewa dawa ya malaria vilevile. Rafiki yake mmoja alimshauri aende kusomewa. Mama mkwe wake hakumwambia neno, ila aliwahi kumweleza jirani, kwa sauti ya kusikika uani, kwamba kichwa cha mkwewe kinauma zaidi siku za kufua.

Ambacho hakuulizwa na yeyote ni namna kichwa chenyewe kilivyouma. Kilikuwa kinagonga upande mmoja kama mtu anayetwanga. Mwanga wa dirishani ulikuwa kama mchanga machoni. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani ilimtapisha. Akiinuka kutembea, kiligonga zaidi, kwa hiyo alilala gizani saa nane, saa kumi, mara nyingine siku mbili. Hakuwa na homa, wala pua haikutoa makamasi mazito ya kijani au ya njano. Sainasi halisi huja mara nyingi baada ya mafua, pamoja na makamasi ya namna hiyo na kupungua kwa uwezo wa kunusa, na visa vingi vya ghafla huisha vyenyewe ndani ya siku 10 hivi bila antibaiotiki.

Kosa hili si la zahanati moja. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha watu karibu 3,000 ambao wao wenyewe, au madaktari wao, waliamini kichwa chao ni cha sainasi. Asilimia 88 kati yao walikuwa na dalili za kipandauso. Neva inayohusika na maumivu ya kipandauso ndiyo hiyohiyo inayohudumia uso, macho na pua, hivyo shambulio linaweza kuziba pua na kutoa machozi hata kama hakuna uambukizo wowote. Na kwa sababu shambulio la kipandauso kwa kawaida hudumu kati ya saa 4 na 72, litaisha lenyewe siku ya pili au ya tatu, na sifa itaenda kwa kidonge chochote kilichomezwa wakati huo.

Mwaka wa sita mambo yalibadilika. Kichwa kiliacha kuja na kuondoka, kikahamia. Alikuwa anaamka nacho alfajiri. Panadol mbili kabla ya chai, mbili mchana, na siku ngumu anaongeza diklofenaki. Ndipo tumbo likaanza kuwaka moto, na ni tumbo, si kichwa, lililompeleka hospitali.

Daktari aliyemkuta alikuwa binti mdogo, pengine mdogo kuliko yeye. Alisikiliza habari za tumbo, kisha akauliza: “Mama, dawa za maumivu unameza siku ngapi kwa mwezi?”

Fundi akacheka. “Bora uniulize siku ambazo simezi, dokta. Hizo nitazihesabu.”

Alirudi na daftari lake la vipimo vya wateja, ambalo nyuma yake alikuwa ameweka alama kila siku aliyomeza. Kwa mwezi mmoja zilikuwa siku 26. Mtu mwenye maumivu ya kichwa ya mara kwa mara akitumia panadol au dawa za jamii ya diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kugeuka chanzo cha maumivu. Kwa dawa zenye mchanganyiko, zikiwemo zile zilizoongezwa kafeini au kodeini, kiwango hushuka hadi siku 10. Ubongo huzoea, dawa ikiisha mwilini kichwa hudai nyingine, na mgonjwa hudhani ugonjwa umezidi. Diklofenaki, kwa upande wake, huumiza tumbo na figo.

Aliambiwa aache. Akaomba asubiri Idi ipite, kwa sababu nguo za watu zilikuwa zimejaa hadi chini ya kitanda. Daktari alikubali kuhusu panadol. Diklofenaki ilikoma siku ileile. Baada ya sikukuu akaanza, akiwa na vidonge vya amitriptilini vya kiwango kidogo vya kumeza usiku, dawa ya kuzuia mashambulio, si ya kutuliza maumivu.

Siku tano za kwanza zilikuwa mbaya kuliko kitu chochote anachokumbuka, ukiacha uzazi. Alitapika, hakulala, alimgombeza mumewe kwa kupiga mswaki kwa kelele. Mume ndiye aliyepika, na ndiye aliyeficha pakiti ya mwisho juu ya kabati. Siku ya 11 aliamka, akakaa kitandani muda mrefu akisubiri kichwa kianze. Hakikuanza.

Ni katika siku hizohizo binti yake alirudi shuleni amepauka, akatapika mlangoni, akaomba alale. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka uliopita, siku ya mtihani, aliposema kichwa kinamuuma, mama alimjibu: “Acha kuniiga.” Akamvalisha sare na kumpeleka. Safari hii alimlaza chumbani, akafunga pazia. Mtoto alilala saa mbili, akaamka anadai ugali.

Jioni alimpigia simu mama yake Tanga. Bibi alisikiliza, kisha akauliza kitu kimoja tu: “Kimempanda na yeye?” Yeye mwenyewe alikuwa na kipandauso tangu ujana, na hakuwahi kukiita kwa jina jingine. Ugonjwa huu hupita katika familia. Kwa watoto mara nyingi huwa mfupi zaidi, huweza kuuma paji lote la uso badala ya upande mmoja, na usingizi hukiondoa. Binti alipelekwa kupimwa, macho yakiwemo, na mama akaelezwa kiwango cha panadol kulingana na uzito wa mtoto, na kwamba aspirini hapewi.

Wapo ambao hawapaswi kusubiri nyumbani hata saa moja: mwenye maumivu yaliyolipuka ghafla kuliko yote aliyowahi kupata, mwenye homa na shingo iliyokakamaa, anayelegea upande mmoja au ulimi kuwa mzito, na mjamzito ambaye kichwa kinauma huku macho yakiona ukungu.

Fundi hajapona. Kichwa humjia mara mbili au tatu kwa mwezi, hasa akikosa kula mchana au akikesha kwenye cherehani kabla ya harusi ya mtu. Humeza dawa mapema, kinapoanza, na si zaidi ya siku mbili kwa wiki. Alama bado anaziweka nyuma ya daftari. Siku hizi zipo safu mbili, yake na ya binti.

Wiki iliyopita mtoto alikuwa anapita kwenda kununua uzi mweusi. Mwenye duka la dawa akamwita.

“Mama yako kasafiri?”